UZI: Mtoto kakubaliwa chuo cha umma cha jimbo jingine Marekani. Alipe ada ya mgeni au abaki jimboni?

Mkokotozi (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila mwaka barua za vyuo zikianza kutoka, magrupu yetu ya WhatsApp huku Marekani hujaa swali moja. "Kijana kapata Purdue, sisi tuko Minnesota, tumpeleke?" Majibu nayo ni yale yale: hongera, elimu haina bei, na hakosekani mmoja wa kusema "mpeleke tu, mwaka wa pili atakuwa mkazi ada itashuka." Huyo wa mwisho ndiye anayetia familia kwenye shimo. Nitamfikia.

Kwanza tuelewane. Chuo cha umma huku ni cha jimbo. Walipa kodi wa jimbo wanakichangia, kwa hiyo watoto wao wanapata ada ya mwenyeji na wengine wanalipa ada ya mgeni. Tofauti yake si ndogo. Purdue ambayo watu wanaisifu kwa kutopandisha ada tangu 2012–13, mkazi wa Indiana analipa dola 9,992 kwa mwaka na Mmarekani wa jimbo jingine dola 28,794. Hapo ni dola 18,802 kila mwaka, miaka minne 75,208, na bado hujagusa bweni wala chakula, wala nyongeza wanayotoza wanafunzi wa uhandisi. Vyuo vya University of California ni zaidi: juu ya ada ya kawaida, mgeni anaongezewa dola 37,602 kwa mwaka kwa walioanza msimu wa 2025. Michigan pale Ann Arbor ada ya mgeni ni zaidi ya mara tatu ya ya mwenyeji.

Sasa chukua barua ya msaada kutoka kila chuo, kaa mezani na kalamu. Gawa kila kilichoandikwa katika mafungu matatu: pesa isiyorudishwa (Pell Grant yaani ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, ruzuku ya jimbo, ufadhili wa chuo), mkopo, na kazi ya chuoni. Gharama yote ya mwaka toa fungu la kwanza TU. Kinachobaki ndicho bei ya chuo kwenu. Vyuo vingine huandika mkopo wa mzazi, ule Parent PLUS, ndani ya jedwali la "msaada", halafu chini panasomeka unadaiwa sifuri. Hiyo sifuri ni deni lako wewe mzazi, limepakwa rangi tu.

Halafu mwanafunzi mwenyewe hawezi kukopa anavyotaka. Mkopo wa serikali kwa mtoto anayetegemea wazazi ni dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu na wa nne. Jumla 27,000. Kilichozidi hapo kinatoka mfukoni, kwa mzazi, au kwa benki inayotaka mzazi asaini pamoja naye. Na Parent PLUS, ambayo zamani ilifika mpaka gharama yote ya chuo, sheria ya Julai 2025 imeiwekea kikomo: kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo mpya ni dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja, basi.

Chukua Purdue tena. Tuseme kijana kapata Pell yote, dola 7,395. Ada inabaki 21,399. Atoe mkopo wake wa 5,500, inabaki 15,899. Weka bweni na chakula, zaidi ya dola 10,000. Umeshapita 20,000 za PLUS kabla hujanunua tiketi wala kitabu. Yaani hata ukikopa mpaka mwisho wa kamba, hesabu haifungi.

---

Mzee wa Columbus

Uzi mzuri mkuu. Ongeza bei ya huo mkopo maana watu wanaona kiasi tu. PLUS ya 2025–26 ina riba ya asilimia 8.94, na kabla hujaiona wanakata asilimia 4.228 ya kuandaa mkopo. Kwa dola 20,000 ni kama 845 zimekatwa. Riba inaanza kuhesabika siku pesa inapotoka, si mtoto anapomaliza. Dola 65,000 kwa riba hiyo, ukilipa kwa miaka 10, ni kama dola 820 kila mwezi. Mwenye zamu mbili za nursing home ajiulize mwenyewe.

---

Mama Neema TX

Naomba ufafanuzi wa hilo la ukazi. Dada yangu yuko jimbo jingine, mtoto akihamia kwake mwaka mmoja kabla ya chuo si anahesabika mkazi wa kule?

---

Mkokotozi

Hapana dada, na hapa ndipo wengi wanapoumia.

Majimbo mengi yanataka miezi 12 ya kuishi pale kabla ya siku ya kwanza ya mhula, lakini miezi peke yake haitoshi. Mambo mawili yanaangaliwa. La kwanza, mtoto anayetegemea wazazi anafuata ukazi wa WAZAZI, si wa shangazi wala baba mdogo, isipokuwa huyo ndugu ana ulezi wa kisheria kutoka mahakamani. Barua ya kuandikiana nyumbani haitambuliki. La pili, kukaa pale kwa ajili ya masomo hakuhesabiki. Ndiyo maana ile habari ya "mwaka wa pili atakuwa mkazi" haitimii: miezi aliyokaa akisoma muda wote inachukuliwa kwamba alifuata shule.

Ofisi ya ukazi ya chuo itataka leseni ya udereva ya jimbo, mkataba wa nyumba, usajili wa gari, marejesho ya kodi ya jimbo, ushahidi wa kazi. Kinachoangusha maombi mengi ni kodi: wewe uko Texas umemwandika mtoto kama tegemezi kwenye kodi yako, yeye anadai anajitegemea Georgia. Karatasi yako inamkana. Na kwa hesabu ya FAFSA, ile fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa masomo, mtoto wa chini ya miaka 24 ni tegemezi, hata akiishi peke yake na kulipa kodi ya nyumba, labda awe ameoa au ameolewa, ana mtoto anayemlea, alitumikia jeshi, alikuwa yatima au chini ya ulezi wa mahakama, na sababu nyingine chache.

Kuna njia nyingine kwa watoto wanaolelewa na ndugu wakati wazazi wako Dar au Nairobi. Majimbo kadhaa yana mlango wa sekondari. California kuna sheria ya AB 540: miaka mitatu ya sekondari pale na cheti cha pale, anasamehewa ada ya mgeni. Texas kwa mwenye uraia au green card, cheti cha sekondari ya Texas pamoja na kuishi pale miezi 36 mfululizo kabla ya kuhitimu. Huo si ujanja, ni haki iliyoandikwa, lakini unatakiwa umpeleke mtoto akiwa kidato cha chini, si mwaka wa mwisho.

---

Dereva wa I-94

Hapo wanaohamahama wasikilize. Familia ikihama jimbo mtoto akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, inaweza kujikuta haina ada ya mwenyeji popote: kule walikotoka si wakazi tena, walikofika miezi 12 haijatimia. Kama lazima mhame, hameni ili miezi 12 itimie kabla ya mhula wa Agosti anaoanzia, au msubiri aanze chuo kwanza. Majimbo mengi mtoto akishaanza kama mwenyeji na haachi mhula katikati, anaendelea kama mwenyeji hata wazazi wakiondoka. Soma kanuni za chuo chenyewe, zimo kwenye tovuti ya msajili.

---

Bint Mvita

Wadau, na sisi tunaokwepa riba? Naona hesabu yote imejengwa juu ya mkopo.

---

Mzee wa Columbus

Dada, kwa anayekwepa riba jibu linakuwa rahisi zaidi, maana nusu ya majaribu yanaondoka. Kuna mkopo wa serikali ambao riba yake serikali inalipa wakati mtoto anasoma, lakini akimaliza riba inamgeukia yeye, kwa hiyo haukutoi kwenye tatizo.

Tengeneza bei isiyo na mkopo kabisa. Pell, ruzuku ya jimbo, kazi ya chuoni, na mpango wa kulipa kwa mafungu. Huu wa mwisho watu hawauulizii. Ofisi ya mhasibu wa chuo karibu kila mahali ina mpango wa kugawa bili ya mhula kwa miezi minne au mitano bila riba, unalipa kiingilio kidogo. Angalia faini ya kuchelewa tu, na uanze kabla bili haijafika tarehe yake, kwa sababu ukichelewa kujiunga mafungu yanakuwa machache na kila moja kubwa.

Kisha angalia jimbo lako lina nini, kwa sababu pesa ya jimbo haivuki mpaka. Minnesota kuna North Star Promise tangu msimu wa vuli 2024: familia yenye mapato ya kikodi chini ya dola 80,000, ada ya chuo cha umma cha Minnesota inafunikwa yote baada ya ruzuku nyingine. Georgia kuna ufadhili wa jimbo wa HOPE na Zell Miller. Vyuo vya University of Texas System kuanzia vuli 2025 havitozi ada familia za wakazi zenye mapato yasiyozidi dola 100,000. Ukivuka kwenda jimbo jingine huchukui hata senti ya hizo. Kwa hiyo tofauti halisi si ada ya mgeni kutoa ada ya mwenyeji. Mara nyingi ni ada ya mgeni kutoa SIFURI.

---

Kipanga wa Spokane

Mmeikaba sana njia ya nje. Kuna majimbo yana mikataba ya punguzo, msiwatishe watu.

Magharibi kuna WUE (Western Undergraduate Exchange), mpango wa majimbo ya huko kupokeana wanafunzi. Mwanafunzi wa jimbo lililomo analipa si zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mwenyeji wa chuo anachokwenda. Mwenyeji akilipa 10,000, wewe ni 15,000 badala ya 28,000 au 30,000. Lakini chuo ndicho kinachoamua nani na fani gani. Uuguzi mara nyingi haumo. University of Washington ya Seattle haimo, na katika vyuo vya University of California ni Merced tu. Vingine vinakupa bila kuomba, vingine vina fomu yake na mwisho wake unawahi kuliko mwisho wa kuomba chuo. Na mtoto akibadilisha fani kwenda isiyomo, punguzo linaondoka katikati ya safari. Vyuo vingi pia havihesabu muda wa WUE kwenye kutafuta ukazi.

Kati ya nchi kuna Midwest Student Exchange, nayo asilimia 150, mle kuna majimbo kama Indiana, Kansas, Minnesota, Missouri, Nebraska, Ohio na Wisconsin, ila si kila chuo. New England ni asilimia 175. Kusini kuna Academic Common Market ambayo ni tamu zaidi: unalipa ada ya mwenyeji kabisa, kwa sharti kwamba fani yako haipatikani kwenye vyuo vya umma vya jimbo lako. Jina la fani linatakiwa lilingane na orodha yao, na jimbo lako ndilo linalothibitisha, si chuo. Anayebadili fani analipa ya mgeni mhula unaofuata.

Minnesota wao wana bahati. Wana mapatano na Wisconsin, North Dakota na South Dakota, hakuna ada ya mgeni. Ila ni fomu ya pembeni kupitia Office of Higher Education ya Minnesota, kukubaliwa na chuo hakuileti yenyewe. Watu wanaona bili ya kwanza ya Madison (chuo cha Wisconsin) imekuja na ada ya mgeni wanazimia, kumbe hawakujaza fomu.

---

Mkokotozi

Nakubaliana na Kipanga. Vyuo vikuu vya Iowa havimo kwenye hayo mapatano ya Minnesota, watu wanachanganya kwa sababu wamepakana.

Na Texas kuna kifungu kimoja kizuri: mgeni akipata ufadhili wa ushindani wa angalau dola 1,000 kutoka chuo cha umma cha Texas, chuo kinaweza kumtoza ada ya mwenyeji. Elfu moja inaondoa maelfu. Kuna ukomo wa idadi kwa kila chuo, kwa hiyo uliza kwa barua pepe: "ufadhili huu unaambatana na msamaha wa ada ya mgeni?" Majibu yakija, yahifadhi.

Ufadhili wa alama, kama ule wa University of Alabama unaovuta watoto wa majimbo mengine, unaweza kuishusha ada kweli. Soma masharti ya kuendelea nao: wastani gani wa GPA, krediti ngapi kwa mwaka, mihula minane au minne. Mwaka wa kwanza wa uhandisi ndio unaomwaga watu chini ya 3.0.

---

Shemeji wa Lowell

FAFSA jamani, mnapita juu juu. Ina vitu vinavyotugusa sisi hasa.

Nyumba unayoishi haihesabiwi. Lakini ile ya kupangisha Kigamboni au kiwanja cha Ruiru ni mali, thamani yake ukitoa deni lake unaiandika, hata kama iko nje ya Marekani. Pesa unayomtumia mama Moshi kila mwezi haikupunguzii chochote kwenye hesabu yao, na mama mwenyewe haingii kwenye idadi ya familia kwa sababu haishi nawe. Kinachosaidia ni kuandika ombi kwa ofisi ya misaada ya chuo, ukieleza kwa risiti za utumaji, au matibabu, au saa za kazi zilizokatwa. Hawalazimiki kukubali, ila afisa ana mamlaka ya kurekebisha. Barua iwe ukurasa mmoja wenye namba, si kilio.

Mapato wanayotazama ni ya miaka miwili nyuma. FAFSA ya 2026–27 inasoma kodi ya 2024. Kama mwaka huo ulipiga zamu za ziada na sasa huna, hiyo ni sababu halali ya ombi. Mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii anaweza kufungua akaunti yake, msimwache mtoto ajaze peke yake na kubuni.

Jambo jingine: University of Virginia na UNC Chapel Hill ni vyuo vya umma vinavyofunika mahitaji yote ya kifedha waliyoyakokotoa hata kwa Mmarekani wa jimbo jingine. Wanataka fomu ya pili, CSS Profile. Kuingia ni kazi, nafasi za wasio wakazi zimewekewa kikomo, lakini wenye alama kali na kipato kidogo wajaribu kabla ya kulipa ada kamili mahali pengine.

---

Fundi Umeme

Mnaongea pesa tu. Kuna fani jimbo lako halina, au linayo na ni dhaifu. Mtoto wa kompyuta unamwambia abaki?

---

Kipanga wa Spokane

Sawa, ila uliza kwanza: ameingia CHUO au ameingia FANI? Seattle kwa mfano, sayansi ya kompyuta inachukua wengi wao moja kwa moja kutoka sekondari, na chuo chenyewe kinawaonya walioingia bila fani hiyo wasije kwa matumaini ya kuhamia baadaye. Ukilipa ada ya mgeni halafu ukamaliza na shahada ambayo hukuifuata, umenunua nini? Barua ya kukubaliwa isome mpaka neno la mwisho. Ikiandika "pre" mbele ya fani, au haikutaja fani kabisa, piga simu idarani uulize wanaoomba kuhamia ni wangapi na wanaokubaliwa ni wangapi. Idara yenye jibu zuri hailifichi.

Kwa uhandisi angalia kama programu yenyewe, si chuo, ina ithibati ya ABET, shirika linalokagua programu za uhandisi. Ikiwa ya jimboni inayo, mimi sioni cha kukufanya uongeze elfu 75. Ualimu ndio zaidi, leseni ni ya jimbo, somea pale utakapofundisha.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Bima! Hakuna aliyetaja. Mtoto aliye kwenye Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ya jimbo lenu akienda jimbo jingine, kule inafunika dharura karibu tu. Kipimo cha kawaida, dawa za pumu za kila mwezi, daktari wa akili, hapana. Chuo nacho kinamwandikisha kwenye bima yake moja kwa moja na kuiweka kwenye bili, maelfu ya dola, mpaka uthibitishe kwamba ana bima inayofanya kazi pale. Medicaid ya jimbo jingine mara nyingi inakataliwa kwenye uthibitisho huo. Na tarehe ya kujitoa inapita mapema mhula ukianza. Mwenye bima ya kazini aangalie mtandao wa hospitali zake unafika mji wa chuo au unaishia kwenye kaunti yenu.

---

Arusha Boy

Mimi niko Tanzania, mjomba yuko Ohio miaka 15, analipa kodi. Nikija kwa viza ya masomo nitalipa kama mwenyeji?

---

Mkokotozi

Hapana kijana. Viza ya F-1 ni ya kuja kusoma na kurudi, hivyo kwa kawaida hujengi nayo ukazi, na kodi ya mjomba haikuhusu. Utatozwa ada ya mgeni, pengine na nyongeza ya wanafunzi wa kimataifa, na Pell na mikopo ya serikali huna. Chuo kitataka taarifa za benki zinazoonyesha mwaka wa kwanza umefunikwa kabla ya kukupa I-20, karatasi ya chuo ya kuombea viza. Mjomba anaweza kuwa mdhamini kwenye karatasi hizo, na kulala kwake kunakupunguzia bweni, basi. Tafuta vyuo vya umma vyenye ada moja kwa wote. Minnesota kuna vidogo kama Bemidji State na Southwest Minnesota State. Mji mdogo, baridi kali, lakini bili inalipika.

---

Mama Neema TX

Asanteni. La mwisho: tunasubiri jibu la rufaa ya msaada na tarehe 1 Mei inakuja. Tulipe amana vyuo viwili tusubiri?

---

Shemeji wa Lowell

Vyuo havipendi hilo dada, na vingine vinaandika wazi kwamba vitafuta nafasi vikigundua. Andika kwa ofisi ya udahili, si ya misaada, useme rufaa iko mezani na uombe wasogeze tarehe ya amana. Wengi wanatoa wiki moja au mbili ukiomba kabla ya tarehe, baada ya tarehe hawakusikii. Amana ya bweni ni kitu tofauti na ya udahili: angalia tarehe ya kurudishiwa, vyuo vingi bado inarudi ukijitoa mapema. Ya udahili mara nyingi hairudi, kwa hiyo anza kulipa pale jimboni ambako mna uhakika wa kumudu, na cha nje kiombe muda.

---

Mama Neema TX

Nimewaandikia leo asubuhi. Wamejibu tuna hadi tarehe 10.